Namna ya kusoma michoro ya Villa dei Misteri bila kukurupuka: mwongozo kamili

Mweke mtu mbele ya picha ya chumba chekundu cha Villa dei Misteri (yaani "Jumba la Siri"), huko Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, umwombe aeleze anachokiona. Jibu huja mbio: "Hapo msichana anaingizwa kwenye dini ya siri ya Bacchus. Anachapwa, halafu anacheza uchi." Bacchus ni mungu wa mvinyo, ambaye kwa Kigiriki huitwa Dionysus; majina yote mawili utayakuta hapa. Muulize amejuaje. Atakuonyesha maandishi yaliyo chini ya picha.

Kosa hilo limejaa kwenye kazi za wanafunzi, kwenye maelezo ya waongoza watalii, hata kwenye makala zenye picha nzuri. Ukutani hakuna neno hata moja linalomtaja mhusika, na jina la jumba lilitolewa na watu wa karne ya 20, si na Mrumi aliyelijenga. Kila kitu unachosikia kuhusu "siri" kimetoka kwa msomaji fulani aliyetangulia. Huenda alikuwa sahihi, lakini ni lazima uweze kumkagua.

Hatua zilizo hapa chini zinaanzia kwenye kutazama na kuishia kwenye kuandika. Ukizifuata utapata tafsiri unayoweza kuitetea mbele ya mtu anayekupinga. Habari za mlipuko wa mlima Vesuvius uliofukia mji mwaka 79 BK nimeziacha, zinapatikana kila mahali.

## Vitu vya kuandaa

Picha za kuta nzima. Usitumie vipande. Kadi za posta na mitandao hupenda watu watatu tu: mwanamke aliyeshtuka, mwenye mabawa na mchezaji ngoma. Ukishamkata mhusika kutoka kwa jirani zake, macho yake hayana pa kuangukia.

Ramani ya chumba. Hata ya kuchora kwa mkono inatosha. Chumba kina takriban mita 7 kwa 5. Kina uwazi mpana upande wa magharibi, dirisha kubwa upande wa kusini, na mlango mdogo wa kwenda chumba cha kulala.

Daftari lenye safu tatu: *Naona*, *Nadhani*, *Nimeambiwa*. Hiki ndicho kifaa kikuu. Vingine vyote unaweza kuviazima.

Picha mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni mapambo ya lipu kutoka jumba la Farnesina, ambayo sasa yako kwenye makumbusho ya Palazzo Massimo, Roma. Ya pili ni michoro ya hekalu la mungu Mithras huko Santa Maria Capua Vetere, Italia. Zote zinaonyesha watu wakiingizwa kwenye ibada.

Andiko moja la kale: kitabu cha 39 cha Titus Livius, mwanahistoria Mrumi, panapoelezwa msako wa mwaka 186 KK dhidi ya wafuasi wa Bacchus.

Boksi la viatu, mkasi na gundi. Sitanii.

## Hatua ya 1: Jenga chumba kwanza

Chapisha picha za kuta, zikate, uzibandike *ndani* ya boksi kwa mpangilio wa ramani. Toboa dirisha na milango. Kisha weka jicho lako usawa wa uwazi mpana wa magharibi.

Sababu ni kwamba vitabu huinyoosha michoro hii iwe mstari mmoja mrefu, kama katuni ya gazeti, nasi tunaanza kuisoma kushoto kwenda kulia tukidhani ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Mrumi hakuiona hivyo. Alikuwa ndani, watu wa kimo kinachokaribia chake wamemzunguka pande zote, wamesimama kama walio kwenye jukwaa jembamba mbele ya pazia jekundu.

Utajua umefaulu pale utakapoona mwenyewe kwamba anayemkabili mtu anayeingia kwa mlango mkubwa ni Dionysus, katikati ya ukuta wa mashariki. Kwenye mstari ulionyooshwa, huyo huyo anaonekana kama tukio la katikati tu ya safari.

Andika pia kwenye daftari: chumba kikubwa cha namna hii, chenye mandhari ya nje, yaelekea kilikuwa cha kupokea na kulisha wageni. Hoja hiyo itakusumbua baadaye, na inafaa ikusumbue.

## Hatua ya 2: Eleza kila mtu bila kumpa jina

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ndefu kuliko zote. Sheria yake ni moja: safu ya *Naona* haipokei jina, cheo wala nia. Hakuna "kuhani", hakuna "bibi harusi", hakuna "anaogopa". Andika mikono, macho, nguo, vitu vilivyoshikwa.

Vitabu vingi hutaja wahusika 29. Hesabu mwenyewe, maana idadi hubadilika kutegemea kama unawahesabu mbuzi.

Ukuta wa kaskazini. Anaanza mwanamke aliyesimama, kajifunika shela kichwani, mkono kiunoni. Kisha mtoto wa kiume, uchi ila kwa viatu virefu, anasoma gombo. Nyuma yake ameketi mwanamke mwenye gombo jingine. Anafuata mwanamke aliyebeba sinia, na shada la majani kichwani.

Simama hapo kwenye sinia kidogo. Wengi huandika kwamba huyu ni mjamzito. Kinachoonekana ni nguo nyingi zilizokusanywa kiunoni. "Mjamzito" inakwenda safu ya pili, na ukiiacha safu ya kwanza itakuharibia kila kitu kinachofuata, kwa sababu mtu mwenye mimba hawezi tena kuwa bibi harusi wa kesho kwenye tafsiri yako.

Wanafuata wanawake watatu mezani. Wa katikati ametugeuzia mgongo. Mkono mmoja unainua kitambaa juu ya kapu, na mwingine unamiminiwa maji na msaidizi. Baada yao ukuta unabadilika ghafla: mzee mnene mwenye kinubi ameegemea nguzo, na viumbe wawili vijana wenye masikio ya ncha wako na mbuzi, mmoja wao akimnyonyesha mnyama kwa titi lake. Mwisho wa ukuta ni mwanamke aliyeinua mkono, vazi limevimba upepo nyuma yake, uso umegeukia kona.

Ukuta wa mashariki. Mzee mwingine ameketi, ameshika bakuli, na kijana ameinamia ndani yake. Kijana wa pili ameinua kinyago juu ya vichwa vyao. Katikati, mwanamume kijana amelala chali kwenye mapaja ya mtu aliyeketi juu zaidi, mguu mmoja hauna kiatu, fimbo ndefu imemlalia mwilini. Kisha mwanamke amepiga magoti, mkono kwenye kitambaa cha zambarau kilichofunika kitu kilichosimama ndani ya ungo. Mwisho ni mwanamke mwenye mabawa, sketi fupi na viatu virefu. Mkono mmoja umenyooshwa kama unaokataa kitu, mwingine umeinua ufito.

Ukuta wa kusini. Mwanamke mwenye mgongo wazi amelaza kichwa mapajani mwa mwenzake. Kando yao mwanamke aliye uchi amewapa mgongo watazamaji, amenyanyua matoazi juu ya kichwa, na nyuma yake mwingine ameshika fimbo. Upande wa pili wa dirisha, mwanamke anatengenezwa nywele huku mtoto mwenye mabawa akimshikia kioo. Mtoto wa pili mwenye mabawa ana upinde.

Ukuta wa magharibi, karibu na mlango. Mwanamke mmoja ameketi peke yake, kidevu mkononi. Anatazama.

Umefaulu kama rafiki ambaye hajawahi kuiona michoro hii anaweza kusoma safu yako ya *Naona* na kuchora mpangilio wa watu bila kukuuliza nani yuko wapi. Kama anakuuliza "huyu anafanya nini?", umeandika vizuri. Kama anakuuliza "ni kwa nini anaogopa?", rudi ufute.

## Hatua ya 3: Weka alama penye uharibifu

Chukua kalamu nyekundu uzungushie sehemu zilizobomoka au kuzibwa. Jumba lilianza kufukuliwa mwaka 1909, na mwanaakiolojia Amedeo Maiuri alimalizia sehemu kubwa mwaka 1929 hadi 1930. Warekebishaji wa mwanzo walipaka nta ili kulinda rangi, na nta hiyo ikaja kuwa na matatizo yake. Ukarabati mkubwa wa mwaka 2013 hadi 2015 uliondoa uchafu mwingi, kwa hiyo picha ya zamani na ya sasa zinaweza kutofautiana kwa rangi hata kama ni ukuta ule ule.

Nyekundu yenyewe ni sinabari, rangi ya thamani itokanayo na madini ya zebaki. Vitruvius, msanifu majengo Mrumi, alikwisha onya kwamba jua huifanya ipoteze mng'ao na kuwa nyeusi. Doa jeusi basi lisikupeleke kwenye nadharia ya giza na mauti kabla hujajua kama ni kazi ya mchoraji au ya karne zilizopita.

Onyo kubwa liko katikati ya ukuta wa mashariki. Sehemu ya juu ya mtu anayempakata Dionysus imepotea, kichwa na uso havipo. Wengi humwita Ariadne, mkewe, wengine Semele, mama yake, wengine Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Uamuzi huo unabadilisha maana ya chumba kizima, kutoka ndoa kwenda uzazi au mapenzi, nao umejengwa juu ya pengo.

## Hatua ya 4: Tenganisha walimwengu

Sasa gawanya wahusika wako katika makundi matatu: binadamu wa kawaida, viumbe wa ngano, na mungu.

Alama za Dionysus na jamaa zake ni hizi: fimbo yenye koni ya msonobari kichwani, shada la mmea utambaao, matoazi, vinyago, na wazee au vijana wenye masikio ya ncha. Mzee ni Silenus, vijana ni satiri. Hapa majina yanaruhusiwa kwa sababu alama hizo zinarudi kwenye mamia ya vyombo na michoro mingine ya Wagiriki na Warumi.

Kazi hii inafaa kwa sababu inavunja wazo kwamba ukuta ni ripoti ya sherehe. Hakuna sherehe iliyowahi kuhudhuriwa na satiri. Mchoraji ameweka watu wa nyumba moja na viumbe wa ngano kwenye jukwaa moja bila mpaka, tena kwa makusudi. Anayesema "hivi ndivyo ibada ilivyofanyika" amewaruka nusu ya waliohudhuria.

## Hatua ya 5: Fuata macho

Kwenye boksi lako, funga uzi kutoka jicho la kila mhusika hadi anapotazama. Hatua fupi, matunda mengi.

Mwanamke aliyeshtuka, yule aliyeinua mkono mwishoni mwa ukuta wa kaskazini, hamtazami mtu wa ukuta wake; anatazama ng'ambo ya kona. Wengi huunganisha hofu yake na ufito wa mwenye mabawa au mgongo ulio wazi. Mwenye mabawa naye yuko ukuta wa mashariki, lakini mgongo unaodhaniwa kuupokea ufito wake uko ukuta wa kusini. Pigo, kama ni pigo, linavuka kona. Mgeni aliyeketi chumbani alikuwa ndani ya njia ya macho hayo.

Ikiwa nyuzi zako hazikukatizana katikati ya boksi, umebandika kuta vibaya.

## Hatua ya 6: Chunguza alama ngumu, moja baada ya nyingine

Ungo. Huu ni ungo wa kupepetea nafaka, na kwenye ibada za Dionysus ulibeba vitu vitakatifu, hasa sanamu ya uume pamoja na matunda. Kwenye mapambo ya Farnesina, Silenus anafunua ungo wa namna hiyo mbele ya mtu aliyefunikwa kichwa. Kwa hiyo tuna msingi mzuri wa kusema kilichofunikwa hapa ni uume. Lakini ukutani kitambaa hakijaondolewa. Andika: "umbo lililosimama, lililofunikwa, kwa kulinganisha na Farnesina, yaelekea ni uume." Ukiandika "uume unafunuliwa" umeona kitu ambacho mchoraji alikataa kukuonyesha.

Bakuli na kinyago. Kijana anakunywa, au anatazama taswira ya kinyago ndani ya bakuli kama mpiga ramli? Yote mawili yametetewa. Mimi naegemea la pili, kwa kuwa kinyago kimeshikwa mahali ambapo kingeakisika. Hata hivyo naliacha safu ya *Nadhani*.

Mwenye mabawa. Majina aliyopewa ni mengi na hakuna lililokubalika na wote. Usimbatize. Eleza mambo mawili tu: anakataa kwa mkono mmoja, anapiga au kutishia kwa mwingine. Anachokikataa huenda ni ungo ulio karibu naye, na msomaji anayeutaja ungo huo ana hoja kuliko anayetaja jina la mungu wa kike asiye na ushahidi.

Mgongo wazi. Linganisha na Capua Vetere. Kule anayeingizwa kwenye ibada ya Mithras yuko uchi, amefungwa macho, amepiga magoti, na nyuma yake yuko anayemwongoza. Mateso na unyonge vilikuwa sehemu ya ibada za kuingizwa, hilo tuna haki ya kulisema. Tahadhari: ibada ile ni ya wanaume, ya mungu mwingine, na michoro yake ni ya baadaye sana. Inathibitisha kwamba jambo hili liliwezekana kwa Warumi. Haithibitishi kwamba ndilo lililochorwa Pompeii.

## Hatua ya 7: Pima tafsiri mbili kubwa

Maiuri, aliyechapisha kazi yake mwaka 1931, alisoma chumba kama hatua za mwanamke anayeingizwa kwenye siri za Dionysus: anasomewa maandiko, anatakaswa, anaogopa, anapigwa, anafurahi. Tafsiri hii inaueleza vizuri ungo, ufito, gombo na ngoma. Inahangaika na dirisha la kusini: kwa nini baada ya yote hayo kuna kutengenezwa nywele, kioo na watoto wenye mabawa?

Wasomi wengine, akiwemo Mfaransa Paul Veyne, walisoma arusi. Hapo kioo, nywele, maji na mwanamke aliyeketi karibu na mlango vinakaa sawasawa, na Dionysus anakuwa picha ya furaha ya ndoa. Lakini mwenye mabawa na mgongo wazi vinabaki nje, na maelezo yake huwa ya kuvuta kwa kamba.

Chora jedwali: wahusika wote upande mmoja, tafsiri mbili juu. Weka alama palipoelezwa vizuri, palipolazimishwa, palipoachwa. Jedwali likijaa alama nzuri upande mmoja tu, ujue umependelea.

Wasomaji wetu wana kishawishi cha ziada. Wengi wakiona mwanamke mkubwa, binti na kitu kilichofunikwa, husema papo hapo: huyu kungwi, huyu mwali, huu unyago. Usiutupe mfano huo, unatoa maswali mazuri kuliko vitabu vingi: nani anajua, nani anafunzwa, nani hapaswi kuona? Shida ni kuuruhusu utoe majibu. Na swali lake kali zaidi linarudi kwenye ramani ya Hatua ya 1: kungwi gani angekubali mambo ya unyagoni yachorwe ukutani mwa chumba cha wageni? Kama siri ilikuwa siri kweli, kwa nini kila aliyealikwa chakula aliiona? Jibu linalowezekana ni kwamba kilichochorwa ni kile kilichoruhusiwa kujulikana, na kitambaa kwenye ungo kimebaki mahali pake kwa sababu hiyo. Hoja hii naipenda, ila haijamaliza mjadala.

Kuhusu Livius na mwaka 186 KK: Seneti ya Roma ilibana ibada za Bacchus kiasi kwamba bila ruhusa hawakuruhusiwa kukusanyika zaidi ya watu 5, wanaume 2 na wanawake 3. Ni habari nzuri, na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Michoro yetu ni ya katikati ya karne ya 1 KK, zaidi ya miaka 100 baadaye. Itumie kuonyesha kwamba ibada ilijulikana na kuhofiwa Italia. Usiitumie kudai kwamba mwenye jumba alikuwa akijificha. Mtu anayejificha hapaki sinabari ukumbini.

## Hatua ya 8: Andika

Kila aya ifuate mpangilio wa safu zako: kwanza kinachoonekana, kisha kulinganisha, kisha dai, mwisho mpaka wa dai. Mfano:

*"Kwenye ukuta wa mashariki mwanamke aliyepiga magoti ameshika kitambaa kinachofunika umbo lililosimama ndani ya ungo. Ungo kama huo unaonekana kwenye mapambo ya Farnesina, ukifunuliwa mbele ya mtu aliyefunikwa kichwa. Nadai basi kwamba mchoraji alitaka mtazamaji akumbuke ibada ya kuingizwa. Kama mwanamke wa jumba hili aliwahi kupitia ibada hiyo, mchoro hausemi."*

Maneno ya kuchunga: "bila shaka", "ni wazi", "inaashiria". Ukiyakuta kwenye rasimu yako, tafuta ushahidi ulio karibu nayo. Mara nyingi haupo.

Kwa zoezi, chukua chumba ambacho wasomi hawajakichosha. Februari 2025 ilitangazwa kwamba nyumba iliyopewa jina la Casa del Tiaso, katika mtaa wa IX wa Pompeii, imefukuliwa ikiwa na ukumbi wa karamu uliochorwa kuta tatu, upande wa nne ukifunguka bustanini. Kuna wanawake wachezaji, wanawake wawindaji, satiri, na katikati mwanamke akiwa na Silenus mzee mwenye mwenge. Hapo ukumbi wa karamu una uhakika zaidi, na wahusika wamesimama juu ya vitako kama sanamu, jambo litakalokulazimisha kuirudia Hatua ya 4 kwa makini.

Anza na ukanda mdogo wa juu yao, wenye wanyama walio hai na waliochinjwa, ndege na samaki. Watu wengi wataupita wakikimbilia mwenge.